Peptidi ya kuziba kingamwili ya 11β-HSD2: imenifaa, ila si kwa lile nililoinunulia

Tunapima 11β-HSD2 kwenye kondo la nyuma, hapa Kampala. Ndicho kimeng'enya kinachogeuza kotisoli ya mama kuwa kotisoni isiyo na nguvu kabla haijamfikia mtoto, na utafiti wetu wote umesimama juu ya kiasi chake. Kwenye westani bloti (kipimo kinachopanga protini kwa ukubwa juu ya utando, kisha kingamwili inaonyesha ile unayoitafuta kama mstari) kinatakiwa kionekane karibu na kilodaltoni 44, kizio cha ukubwa wa protini. Sisi tulikuwa tunapata mistari miwili: huo, na mwingine mnene juu yake kidogo. Kila aliyeutazama alikuwa na maelezo yake. Ndipo tukaagiza peptidi ya kuziba, ituhakikishie kuwa ule wa 44 ndio wetu.

Ni kipande kile kile cha protini alichochomwa sungura ili atoe kingamwili. Unaichanganya na kingamwili, unaacha nusu saa, halafu unamwagia utando mmoja. Utando wa pili unapewa kingamwili isiyozibwa. Ni kama kumshibisha mbwa kabla wageni hawajafika. Mstari unaofutika ndio uliokuwa unashikwa na kingamwili yako.

Mstari wa 44 ulifutika wote. Ule wa juu haukutikisika hata kidogo, na hapo ndipo pesa yangu iliporudi. Kondo limejaa damu ya mama, damu ina IgG, yaani kingamwili za mama mwenyewe, na mnyororo mzito wa IgG (kipande chake kikubwa) una kilodaltoni 50 hivi. Tuliweka kingamwili ya pili (ile inayoshika kingamwili ya sungura na kuufanya mstari uonekane) peke yake, bila ile ya sungura, na mstari ukajitokeza vile vile. Tukaagiza kingamwili ya pili iliyochujwa isishike IgG ya binadamu, tukaanza pia kuosha vipande vya kondo vizuri zaidi kwa maji ya chumvi. Mstari ukaisha.

Usafiri haukusumbua. Peptidi ilifika Entebbe ikiwa unga mkavu, kwa hiyo sikukosa usingizi kama ninavyokosa nikisubiri kingamwili za maji zenye barafu. Bei ndiyo inauma: karibu nusu ya kingamwili yenyewe, kwa vumbi usiloliona kwenye kichupa. Inadumu lakini. Maelekezo yanasema uzito mara tano ya kingamwili, na peptidi ya kilodaltoni 2 ni ndogo mno mbele ya kingamwili ya kilodaltoni 150. Hata kwa uzito sawa kila kingamwili inazungukwa na peptidi 75 hivi, nayo ina sehemu mbili tu za kushikia, kwa hiyo kidogo kinatosha.

Ninachowalaumu ni kuficha mpangilio wa asidi amino. Niliambiwa ni siri ya kampuni. Bila huo siwezi kukagua kama kipande hicho kipo kwenye protini nyingine, na kama kipo, mstari wa protini hiyo nao utafutika na mimi nitashangilia bure. Kwa 11β-HSD2 nimevumilia. Mwenzangu wa meza ya pili anafuatilia kimeng'enya kingine, AKR1C3, kwenye tezi dume, na huko nisingethubutu: AKR1C1 na AKR1C2 zinatofautiana kwa asidi amino 7 tu kati ya 323, na AKR1C3 ni ndugu yao wa karibu. Nimemwambia kwa pesa hiyo atafute seli zilizoondolewa jeni ya AKR1C3: mstari ukibaki kwenye hizo, si wa AKR1C3.

Yetu nimeigawa kwenye vichupa vidogo, iko kwenye friza. Aliye Kampala na anatumia kingamwili hiyo hiyo aniulize kabla hajaagiza.