Mfuniko chini ya laminati: uzoefu wangu wa kununua nyumba kijijini Drenthe

Nimejizuia muda mrefu kuandika haya, maana kila nikianza hasira inanipanda hadi kooni. Leo fundi wa mwisho amelipwa, watoto wamelala, na ninajua kuna Mswahili mwingine huku Uholanzi anayetafuta nyumba wakati huu. Soma kwanza, ndugu yangu, kabla hujamlipa mtu.

Tulikuwa wapangaji mjini Groningen kwa miaka, ghorofa ya tatu, watoto watatu, baiskeli zinalala koridoni. Mume wangu anafanya kazi Assen, mimi ni muuguzi wa wazee. Tulitaka ua. Tulitaka mama yangu akija kutoka Tanga apate pa kukaa nje na kikombe chake cha chai bila kupanda ngazi. Tukaipata nyumba kwenye kijiji kidogo cha mkoa wa Drenthe, vile vijiji vyenye uwanja wa majani katikati wanaouita brink, mialoni mikubwa imeuzunguka, na ukisimama pale saa tatu usiku husikii kitu. Nyumba ya miaka ya 1930, matofali mekundu, kioo cha rangi juu ya mlango. Niliipenda kabla sijavua viatu. Hilo nalikiri, na labda ndilo lililotuponza.

Huku muuzaji ana dalali wake, nawe mnunuzi unaweza kukodi wako. Si lazima kisheria, ila sisi tulimkodi, zaidi ya euro 3,000, kwa sababu bei inapigwa kwa siri: unaandika kiasi chako bila kujua wenzako wameandika ngapi, na ukikosea kidogo umekosa. Isitoshe benki inakukopesha mwisho thamani ya nyumba kama alivyoikadiria mthamini, kwa kawaida haizidishi. Ulichoongeza juu kumshinda mwenzako ni chako. Kodi ya uhamisho ya asilimia 2 ni yako (walio chini ya miaka 35 wanaweza kusamehewa mara moja, sisi tulishavuka), notari, yule mwanasheria wa hati, ni wako, mthamini ni wako. Akiba yetu yote iliishia hapo. Suala la riba tulilililia wenyewe usiku mwingi, sitalifungua hapa. Nalitaja ili mjue kwamba tulipofika kwenye saini hatukuwa na senti ya kukosea.

Sasa nije kwenye mfuniko.

Nyumba za zamani za namna hii sakafu ya chini ni mbao juu ya boriti, na chini yake kuna uvungu, kimo cha mtu kutambaa kwa tumbo. Unaingia humo kwa kimlango cha sakafuni, ndio huo mfuniko, mara nyingi nyuma tu ya mlango wa mbele, chini ya zulia la kufutia miguu. Kila nyumba ya jirani zangu inacho. Kwenye nyumba hii hakikuonekana. Sakafu yote ilikuwa imelazwa laminati mpya, zile mbao bandia za sakafu, ukuta hadi ukuta, rangi ya asali, inang'aa. Mkaguzi wetu alizunguka akigonga kwa kisigino, akauliza mfuniko uko wapi, hakuna aliyejibu. Kwenye ripoti akaandika mstari mmoja: uvungu haukufikika, haukukaguliwa.

Ule mstari niliuona. Naomba ieleweke, niliuona! Nilimpigia dalali wetu siku ile ile, nikamuuliza tufanyeje. Akaniambia nyumba zote za zamani zinaandikwa hivyo, tusianze kumsumbua muuzaji akate sakafu yake mpya, tutaonekana hatuna nia na nyumba itakwenda kwa wa pili. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu mzima anayemtuliza mtoto. Tukaacha.

Nilikuja kujua baadaye, na hili ndilo linaloniamsha usiku. Wakati ule mkataba ulikuwa umeshasainiwa na pande zote. Muuzaji hakuwa na pa kutokea. Mnunuzi wa nyumba ya kuishi anapewa na sheria siku tatu za kujifikiria baada ya kupokea nakala ya mkataba, anaweza kujitoa bila kutoa sababu wala kulipa faini. Sisi tulikuwa siku ya pili. Mwenye mlango wazi nilikuwa mimi, na yule niliyemlipa anilinde ndiye aliyenitisha kwamba mlango unafungwa. Hakujua? Hiyo ndiyo kazi yake.

Tulihamia wakati wa kiangazi, raha mustarehe. Majira ya baridi yalipoingia na mvua zake, viatu vya watoto pale mlangoni vikaanza kunuka. Mwanzo nikadhani ni soksi. Halafu laminati ikavimba ubavuni mwa ngazi, na ukikanyaga karibu na mlango sakafu inabonyea. Jumamosi moja baba watoto akachukua kisu cha kukatia zulia, akapiga magoti, akakata mraba. Mfuniko ulikuwa pale pale, mahali pake, pete yake ya chuma imelazwa ikakaa sawa na mbao.

Tuliuinua wawili. Harufu iliyotoka ilikuwa ya kisima kilichotelekezwa. Nikamulika tochi: maji meusi, yametulia tuli, nikaona uso wangu ndani yake. Boriti zilikuwa zimeota ukungu mweupe kama pamba. Nilikuwa na kijiko cha chai mkononi, sijui kwa nini, nikakichomeka kwenye boriti ya kwanza. Kilizama chote kama kwenye boga lililoiva kwenye nazi.

Fundi alitueleza sababu kwa dakika tano. Kuta za nyumba hizi zina vitundu chini kabisa, vya kupitisha hewa uvunguni. Mtu aliyetengeneza sebule ya nje alipandisha udongo na vigae mpaka vikaziba vyote upande wa bustani. Na ardhi ya huku Drenthe, chini ya mchanga mahali pengi kuna tabaka la udongo mgumu wenye mawe, ulioachwa na barafu ya kale, maji hayapenyi haraka. Maji yanakaa, hewa haipiti, mbao zinaoza. Muuzaji simtuhumu, sina ushahidi kwamba alijua. Laminati ilikuwa mpya, basi, nasema nilichokiona.

Nikampigia dalali. Kiholanzi kina maneno mawili ya kumwambia mtu "wewe": "u" la heshima na "je" la kawaida, la rafiki au mtoto. Toka siku ya kwanza hadi siku aliyolipwa, mimi kwake nilikuwa "u". Siku ile nikawa "je". Wapo wanaoitana hivyo toka mwanzo na wala sioni ubaya, lakini yeye alibadilisha, na nilisikia kabisa alipobadilisha. Akaniambia kuchunguza ni wajibu wa mnunuzi, yeye ni mshauri tu, na tena kwenye mkataba kuna kifungu cha nyumba kuukuu kwamba mnunuzi hawezi kutarajia ubora wa nyumba mpya. Nikamkumbusha simu yetu. Akasema haikumbuki. Halafu akasema, na nanukuu kwa Kiswahili, "Katika nchi hii watu husoma kabla ya kusaini."

Miaka yangu yote hapa, mitihani ya lugha, usiku wa zamu na wazee wao nikiwageuza kitandani, na mtu ananiambia sisomi. Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi, nikalia hadi mtoto mdogo akaniletea taulo.

Siku ile ningeandika hapa: msinunue nyumba kijijini, rudini mjini, hawa watu si wenu. Nilikuwa na maneno tayari. Jioni mlango ukagongwa. Mzee wa nyumba ya mkabala, ambaye tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu, amevaa mabuti ya mpira na kusukuma toroli lenye pampu. Alikuwa ameona taa na sakafu imekatwa. Hakuuliza mengi. Alitambaa uvunguni kwa tumbo, umri wake nakadiria sabini na kitu, akaweka bomba, akaketi nasi hadi saa sita usiku akisubiri maji yashuke. Kesho yake mkewe akaja kuuliza kwanza tunakula nini na hatuli nini, ndipo akaleta keki ya tofaa bado ya moto. Huku wana neno lao, noaberschap, yaani jirani ana haki juu yako nawe juu yake. Bibi yangu Tanga angewaelewa bila mkalimani.

Kwa hiyo hukumu yangu ni ipi? Dalali simpendekezi kwa adui. Nikisema hivyo namkumbuka dalali wa kike aliyemhudumia rafiki yangu kule Friesland, aliyekataa kata kata mteja wake asaini mpaka mfuniko ufunguliwe mbele ya macho yake, basi wapo wanaojua kazi. Ukimkodi wako, mwulize swali hilo kabla ya jingine lolote: nyumba yenye sakafu ya mbao na uvungu uliofichwa, utaniambia nini? Akikwambia usisumbue, nyanyuka. Na zile siku tatu zihesabu mwenyewe kwenye kalenda ya ukutani.

Nyumba yenyewe, tulishasema tutaiuza. Mume wangu alishaanza kutafuta pa kupanga. Gharama ya boriti mpya imetumaliza, mama bado hajaja kwa sababu tiketi yake imeingia uvunguni. Nikilifikiria hilo damu inachemka upya, na naona heri tungebaki ghorofa ya tatu. Lakini vitundu vimefunguliwa, chini pamekauka, binti yangu anakwenda shule peke yake kwa baiskeli chini ya ile mialoni, na jana alimwita yule mzee "opa", babu, nami sikumsahihisha.

Pale mlangoni sijaweka zulia. Mfuniko uko wazi na pete yake, na mvua ikinyesha sana nashuka na tochi kabla ya kulala.