Kununua paneli ya sola Goma: toa futi kabla ya kutoa dola

Juzi nilisimama mtaani Birere mbele ya paneli yenye kibandiko cha wati 300. Muuzaji akaielekeza juani, akagusisha mita, ikasoma volti 21. "Unaona nguvu hiyo?" Nikatoa futi ya kupimia: mita 1 kwa sentimita 67. Jua kali la saa sita mchana huleta kama wati 1000 kwa mita ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kuwa umeme asilimia 20 hivi ya hizo. Ile paneli, hata ingekuwa bora vipi, isingevuka wati 150.

Volti ndizo zinazowaponza ndugu zetu. Seli ya silikoni, iwe pana kama kiganja au nyembamba kama kidole, hutoa nusu volti na kidogo. Upana unaongeza ampea, si volti, na wati ni volti mara ampea. Ndiyo maana vipande 36 vya seli vitasoma volti 21 sawa na seli 36 nzima, halafu batri inashinda kutwa bila kujaa. Seli nzima ya milimita 156 hutoa karibu wati 4 na nusu. Ya milimita 182 hufika 7.

Kwa nyumba ya taa, simu na televisheni ndogo, yenye batri moja ya volti 12, chaguo langu la kwanza ni mono (seli za fuwele moja ya silikoni) ya seli 36, wati 150 hadi 200. Inaelewana na kidhibiti chaji cha bei ya chini, na watu wawili wanaipandisha kwenye mabati bila shida.

La pili ni zile kubwa za wati 400 na zaidi, za seli za milimita 182 zilizokatwa nusu. Kwa kila wati ni nafuu, na kwa mwenye friji ya kuhifadhi sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ningeziweka mbele kabisa. Ila zinatoa volti 31 hivi na ampea 13. Ukizifunga kwenye kidhibiti cha PWM, kile cha bei ya chini, na batri ya volti 12, utavuna kama wati 170 tu, zaidi ya nusu inapotea. Nunua pamoja nazo kidhibiti cha MPPT, kinachogeuza volti za ziada kuwa ampea, na waya mnene.

Poli (seli za fuwele nyingi) za bluu za milimita 156 ni la tatu: zinafanya kazi, zinakula nafasi tu. Zenye vipande vyembamba na kibandiko kikubwa, ziache hapohapo.

Kama futi haikukutosha, omba kupima ampea saa sita, jua likiwa wazi. Paneli ya kweli ya wati 100 yenye seli 36 itasoma 5 na nusu hadi 6. Zile kubwa usizipime kwa mita ya kawaida yenye kikomo cha ampea 10: fyuzi yake itaungua mkononi mwako.