Chati ya Dinosaria Niliyoinunua Mombasa: Michoro Mizuri, Vipimo vya Kupotosha

Mwanzoni mwa muhula huu nilinunua chati ya ukutani ya dinosaria katika duka moja la vitabu hapa Mombasa, kwa shilingi 1,200, kwa ajili ya wanafunzi wangu wa gredi ya sita. Ni karatasi nene iliyofunikwa kwa plastiki, yenye urefu wa sentimita 120, nayo imegawanywa katika sehemu nne zinazolingana: Triasiki, Jurasiki na Kretasia, yaani zama tatu za dinosaria kwa mfuatano wake, na ya mwisho iliyopewa kichwa cha Enzi ya Binadamu. Duka na mchapishaji siwataji, kwa sababu kosa nitakalolieleza nimewahi kuliona katika chati nyingine pia, na ningependa msomaji alitazame kosa lenyewe kuliko aliyelitenda.

Mchoraji anastahili sifa, na ni haki nianze naye. Hakuwachora dinosaria kama mijusi waliovimba, wanaoburuta mikia matopeni, kama tulivyokuwa tukiwaona vitabuni utotoni. Mikia yao imeinuliwa, miili imesimama vyema, na baadhi yao wamevikwa manyoya, jambo ambalo visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vilivyochimbwa China tangu miaka ya 1990 vimelithibitisha. Sehemu ya Jurasiki ilinifurahisha kuliko zote, kwani imekumbuka Afrika Mashariki. Yumo Giraffatitan, yule mnyama wa shingo ndefu ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, kisha ikapelekwa kwa meli Ujerumani, ambako kiunzi chake chenye kimo cha zaidi ya mita 13 kimesimama katika makumbusho ya Berlin hadi leo. Nilipowaeleza wanafunzi kwamba msimamizi wa wachimbaji hao aliitwa Boheti bin Amrani, walitulia kwa namna ambayo sikuiona nilipotaja jina lolote la Kizungu. Ningetamani chati iongeze kwamba katika zama hizohizo za Jurasiki eneo letu lilikuwa chini ya bahari, na tope lililotuama humo ndilo lililogeuka miamba ya Miritini na Changamwe, ambamo visukuku vya amonaiti, viumbe wa baharini wenye kombe lililojikunja kama pembe ya kondoo, vimepatikana.

Tatizo ni sehemu ya nne. Sentimita 30 zimepewa Triasiki, 30 Jurasiki, 30 Kretasia, na 30 zilizobaki tumepewa sisi, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba sehemu hizo hazilingani kwa urefu wa wakati. Upande wa kushoto wa mstari unaoitenga na Kretasia, asteroidi, yaani jiwe kubwa kutoka angani, inaanguka. Upande wa kulia, bila hata nafasi ya kidole, anasimama mwanamume aliyeshika mkuki. Miaka milioni 66 imefutwa. Siku ya kwanza tu chati ilipotundikwa, mwanafunzi mmoja alinyosha mkono akauliza, “Mwalimu, hao watu walikuwa wamejificha wapi jiwe lilipoanguka?” Mtoto huyo hakukosea, kwa sababu alisoma kile alichoonyeshwa, na mimi mwalimu wake ndiye niliyekitundika ukutani.

Basi tulichukua kamba ya nailoni na futi ya fundi cherehani, tukapima upya varandani, tukikubaliana kwamba kila miaka milioni moja iwe sentimita moja, na kwamba ncha ya kamba ni leo. Dinosaria wa kale wanaojulikana kwa uhakika waliishi miaka ipatayo milioni 230 iliyopita, kwa hiyo fundo lao la kwanza tulilifunga mita 2 na sentimita 30 kutoka kwenye ncha hiyo. Asteroidi iliyoanguka Chicxulub, nchini Meksiko, yenye upana wa kilomita 10 hivi, iliumaliza utawala wao miaka milioni 66 iliyopita, na fundo la pili likafungwa kwenye sentimita 66. Kati ya mafundo hayo mawili mna sentimita 164. Futi ya fundi ina sentimita 150, ikaisha kabla utawala wao haujaisha, na ilibidi mwanafunzi mmoja ashikilie alama kwa kidole ili tuisogeze na kuendelea kupima.

Kisha tukaja kwetu. Visukuku vya Jebel Irhoud, nchini Moroko, vinaonyesha kwamba jamii yetu ya binadamu imekuwapo kwa miaka ipatayo 300,000. Katika kamba yetu hizo ni milimita tatu, urefu usiofika nusu ya punje ya mchele wa pishori. Hapakuwa na haja ya kufunga fundo, maana fundo lenyewe lingetuzidi unene. Tulipaka ncha ya kamba wino mwekundu. Wanafunzi walitaka kujua Ngome ya Yesu iko wapi, kwa kuwa kwao hicho ndicho kitu cha kale kuliko vyote wanavyovifahamu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na muda wote uliopita tangu hapo, pamoja na vita vyake vyote na masultani wake wote, haufiki hata sehemu ya kumi ya unene wa unywele mmoja katika kamba ile. Nilikuwa nimepiga hesabu hiyo usiku uliotangulia, nikairudia mara tatu nikidhani nimekosea mahali pa nukta.

Nieleze pia upande wa pili wa hesabu, kwa kuwa huenda mchapishaji atasema kwamba karatasi haina nafasi ya kutosha. Tukikubali kwamba sentimita 30 za Enzi ya Binadamu ni sahihi, yaani zibebe miaka yetu 300,000, basi kila miaka milioni moja inahitaji mita nzima, na utawala wa dinosaria peke yake utahitaji karatasi ya mita 164, ambayo ni zaidi ya uwanja mmoja na nusu wa mpira. Karatasi ya namna hiyo haichapishiki, nami sidai ichapishwe. Ninachodai ni mstari mmoja wa kipimo chini ya michoro, upana wa kidole gumba, wenye rangi tatu na alama nyembamba ya sindano kwa ajili yetu. Nafasi hiyo ipo, kwani sasa imejazwa maua ya mapambo.

Kosa hilohilo la kutojali wakati limeingia hadi ndani ya michoro mizuri niliyoisifu. Katika sehemu ya Kretasia, Tyrannosaurus anamshambulia Stegosaurus. Wanyama hao hawakuonana kamwe. Stegosaurus aliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, na Tyrannosaurus akaja miaka milioni 80 na zaidi baadaye, mwishoni kabisa mwa Kretasia. Katika kamba yetu, kutoka kwa Tyrannosaurus hadi kwa wanafunzi wangu ni sentimita 66 tu, ilhali kutoka kwake kurudi nyuma hadi kwa Stegosaurus ni sentimita 80 na zaidi. Kwa maneno mengine, yuko karibu zaidi na watoto wa Mombasa kuliko na mnyama anayeonyeshwa akimtafuna. Jambo hilo liliwashangaza kuliko meno yote yaliyochorwa, nami naamini ndilo funzo kubwa ambalo chati ingeweza kutoa: dinosaria hawakuwa kundi moja lililoishi pamoja, walikuwa vizazi juu ya vizazi, vingine vimekwisha kuwa mawe kabla vingine havijazaliwa.

Kuhusu huyo mwanamume mwenye mkuki, amechorwa juu ya theluji, amevaa ngozi ya mnyama. Sina ugomvi na theluji, lakini safari ya saa chache kutoka hapa, katika kaunti ya Kilifi, lipo pango la Panga ya Saidi, ambamo wataalamu walimkuta mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu aliyezikwa miaka ipatayo 78,000 iliyopita, akiwa amelazwa ubavu na kukunjwa miguu. Walimwita Mtoto, kwa Kiswahili, na habari zake zilipotangazwa mwaka 2021 ilielezwa kwamba hayo ndiyo maziko ya kale kuliko yote yanayojulikana barani Afrika. Katika kamba yetu yuko umbali usiofika milimita moja kutoka leo. Chati inayouzwa Mombasa ingeweza kumpa nafasi yeye, na mtoto wa gredi ya sita angeelewa mara moja jinsi tulivyo wachanga, na jinsi ambavyo ndani ya uchanga huo tulikwisha kujua kuwazika wapendwa wetu.

Ndege pia hawamo, na hilo ni pengo, kwa sababu ndege ni uzao wa dinosaria uliosalimika. Ilinibidi niwaonyeshe wanafunzi kunguru waliojaa juu ya mwembe wa shule na kuwaambia kwamba utawala ule haukukatika wote.

Kuhusu utengenezaji sina mengi. Plastiki imevumilia unyevu wa pwani, rangi hazijafifia, lakini vipete vya chuma vya kutundikia vilishika kutu kabla ya wiki ya nne na kuacha madoa ukutani. Kiswahili chake ni safi, isipokuwa mahali pawili ambapo milioni na bilioni zimebadilishana, kosa ambalo mwalimu atalazimika kulirekebisha kwa kalamu.

Je, ninaipendekeza? Kwa michoro, naam, na kwa Tendaguru peke yake sijutii shilingi 1,200. Ila sehemu ya nne nimeifunika kwa karatasi nyeupe, na chini ya chati nimetundika ile kamba ya nailoni yenye mafundo mawili na ncha nyekundu. Mzazi au mwalimu atakayeinunua kama ilivyo sasa anunue pia kamba ya mita mbili na nusu, na aifunge yeye mwenyewe mbele ya watoto kabla hajawaonyesha picha yoyote.