Tiketi ya kuzunguka dunia: anza na Pasifiki

Habari za saa hizi ndugu zangu, karibuni tena. Leo mezani sina simu wala pasi ya kuwachambulia. Nina tufe hili la darasani, nina uzi mwekundu, na nina bidhaa moja ambayo wengi wetu tunaisikia tu: tiketi ya kuzunguka dunia. Unatoka Dar es Salaam kuelekea mashariki, unazidi kwenda mashariki, mpaka siku unatua tena Dar ukitokea magharibi. Yote hayo kwa tiketi moja yenye vipande vingi, yaani kila safari ya ndege ni kipande chake.

Kazi yangu ni kukata tiketi, na mwaka wa tisa huu nipo nyuma ya kaunta. Wateja wanaoniulizia tiketi hii karibu wote wanaanza vilevile. Wanakuja na orodha ya miji: Dubai, Paris, New York, Sydney. Orodha nzuri, lakini ukianzia hapo utaumia. Mimi naomba uanze na bahari ya Pasifiki na paspoti yako, miji tutaifikia baadaye. Subirini niwaoneshe kwa nini.

Kwanza tuijue yenyewe. Mashirika ya ndege yamejikusanya katika miungano mitatu mikubwa: Star Alliance ya mwaka 1997, oneworld ya 1999 na SkyTeam ya 2000. Ukinunua tiketi hii unakuwa umeingia kwenye muungano mmoja, na ndege zako zote zitatoka humo humo. Kwetu sisi mlango wa Star ni Ethiopian, ambayo imo tangu Desemba 2011. Mlango wa oneworld ni Qatar Airways tangu 2013, na mwaka 2025 wameongezeka Oman Air, kwa hiyo wenye ndugu Maskati wana njia ya pili. Kenya Airways ipo SkyTeam tangu 2010, ndiyo maana mteja wa Nairobi akiniambia nimwanzishe na KQ kisha nimpandishe Singapore Airlines, ambayo ni ya Star, inabidi nimkatalie.

Masharti ya Star na oneworld yanafanana kwa mengi. Unavuka Atlantiki mara moja na Pasifiki mara moja. Unakwenda upande mmoja. Unaanzia na kumalizia nchi moja. Muda ni kuanzia siku kumi hadi mwaka mzima, na vipande visizidi 16. Mahali ukikaa zaidi ya saa 24 panahesabiwa kituo. Chini ya hapo umepita tu.

Zinapoachana ni kwenye kipimo. Star hupima maili. Kuna ngazi ya 26,000 yenye masharti makali zaidi, halafu 29,000, 34,000 na 39,000. Tiketi ya oneworld iitwayo Explorer huhesabu mabara, kuanzia matatu hadi sita, na ndani ya kila bara una vipande vinne, isipokuwa Amerika Kaskazini wanakupa sita. Na mabara yao si yale tuliyofundishwa shuleni: Doha wameiweka kundi moja na Ulaya. Kwa hiyo ukitoka Dar kwa Qatar, kabla hujafika popote pa maana umeshatumia Afrika na Ulaya. Lijue hilo mapema.

Sasa sogeeni karibu muone uzi huu. Naupachika Dar, naupandisha Addis Ababa, nauvusha Bahari ya Hindi hadi Asia. Mpaka hapo hakuna shida, ndege zimejaa. Lakini tazameni nikifika hapa, ukingoni mwa Asia. Kutoka Tokyo kwenda mbele ni maji matupu, karibu theluthi ya tufe, na ndege zinazoyavuka zinatua sehemu chache. Nyingi zinatua Marekani. Na Marekani, ndugu yangu, hata ukipita tu kubadilisha ndege bila kutoka uwanjani, lazima uwe na viza. Hawana eneo la kupita ambalo hupiti uhamiaji. Nimeona safari nzuri za miezi ikifa hapo hapo, mtu ameshapanga kila kitu, hata likizo kazini ameshaomba.

Ndiyo maana nasema anza na Pasifiki. Jiulize: paspoti yangu inanivusha wapi? Kama viza ya Marekani unayo, dunia nzima imefunguka. Kama huna, uliza njia za pembeni. Kwa Star kuna ANA, shirika la Japani, kutoka Tokyo kwenda Mexico City moja kwa moja. Kwa oneworld kuna Qantas kutoka Sydney kwenda Santiago, Chile. Mexico nayo inakubali kukuingiza bila viza yake kama una viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Ulaya za Schengen. Hapa kuna mtego. Viza ya Japani ya kuingia mara moja, ukishaitumia wanaigonga muhuri kwamba imetumika. Ukitoka Tokyo nayo kwenda Mexico, imeshakufa. Iwe ya kuingia mara nyingi, au uwe na nyingine kati ya hizo nilizotaja.

Na wenzetu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi, ninyi mna la ziada: paspoti ya Kongo inahitaji viza ya kupita uwanjani hata kama unabadilisha ndege tu Frankfurt au Paris. Mtanzania na Mkenya hawamo kwenye orodha ya pamoja ya Ulaya ya wanaotakiwa viza hiyo. Msipange safari kwa kuiga video ya mtu mwenye paspoti tofauti na yenu, hata yangu.

Haya, nimemchorea mteja mmoja safari ya Star isiyogusa Marekani wala Ulaya, naye amenikubalia niwaoneshe. Dar hadi Addis ni kama maili 1,090. Addis hadi Bangkok 4,200, anapita tu. Bangkok hadi Singapore 880, na Singapore paspoti zetu za Tanzania na Kenya zinaingia bila viza, kwa hiyo hapo anapumzika. Singapore hadi Tokyo 3,325. Tokyo hadi Mexico City, huu uzi mrefu, 7,000. Mexico hadi Panama kwa Copa, shirika la Panama, 1,495. Panama hadi São Paulo 3,160. Kisha São Paulo hadi Addis kwa Ethiopian, Atlantiki inavukwa kusini huku, 6,170. Addis hadi nyumbani 1,090. Jumlisheni: kama 28,400. Tumeingia ngazi ya 29,000, na tumebakiwa na maili mia sita hivi.

Kumbukeni kwamba hata mahali unapopita tu panakula maili. Bangkok hatoki nje ya uwanja, lakini kona ile imehesabiwa. Mtu anayeungaunga ndege ovyo anajikuta amepandishwa ngazi na kulipa zaidi kwa miji ambayo hakuiona.

Jambo la saa nalisema kwa uchungu. Tiketi inaandikwa kwa saa 24 na tarehe mpya inaanza saa sita usiku. Ukiona imeandikwa 03:40 tarehe 12, hiyo ni saa tisa na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe 12. Uwanjani unatakiwa tarehe 11, saa sita usiku haijafika. Mzee mmoja, mtu wa heshima zake, alifika tarehe 12 usiku na mabegi yake, familia nzima imemsindikiza. Ndege ilikuwa imeondoka usiku uliotangulia. Na tiketi hii vipande vyake vinatumika kwa mpangilio. Ukikosa kimoja bila kutoa taarifa, mfumo unafuta vyote vinavyofuata. Shirika silitaji. Tulihangaika siku mbili kuifufua na alilipa hela ambayo hakuipanga. Tangu siku hiyo kila tiketi ninayotoa naandika pembeni kwa kalamu: usiku wa kuamkia siku fulani. Nawe jiandikie.

Pasifiki nayo ina saa zake. Ukielekea mashariki unavuka mstari wa tarehe na siku inajirudia. Unaondoka Tokyo jioni, unatua Mexico City mchana wa siku ile ile. Usilipie hoteli ya kesho yake ukajikuta huna pa kulala usiku wa leo. Ukielekea magharibi, siku inamezwa, unairuka kabisa.

Bei siwatajii, maana inategemea nchi unayoanzia, daraja la kiti na ngazi, na kodi za viwanja na tozo za mafuta zinakaa juu yake. Ila maoni yangu ni haya. Kama una miji mitatu tu, achana nayo. Nunua tiketi za kawaida. Kama una miji sita na kuendelea na miezi ya kutosha, hakuna kinachoifikia. Kubadili tarehe kwa kawaida hakulipiwi, wanachotoza ni kubadili njia. Ndege ikichelewa ukakosa ya kuunganisha, ni jukumu lao kukufikisha, kwa sababu tiketi ni moja. Mtu aliyejiungia mwenyewe tiketi tano za bei nafuu akikwama Panama, amekwama na Mungu wake.

Kadi ya homa ya manjano msiisahau. Tangu Julai 2016 chanjo moja ni ya maisha, lakini kadi yenyewe utaulizwa, na wewe unatoka Afrika Mashariki.

Turudi kwa mteja wangu na maili zake mia sita. Anataka Rio de Janeiro. Nimeshusha uzi kutoka Panama hadi Rio, maili 3,290, kisha anapanda basi mpaka São Paulo kuwahi ndege ya Addis. Basi analipia mwenyewe, lakini kipande hicho cha nchi kavu, maili 210 hivi, Star inakihesabu kana kwamba ameruka. Jumla imefika kama 28,750. Tumebaki na maili 250, na nimemwomba asiongeze chochote.