Vitumbua vya Magomeni Mapipa: hamira iliyopewa muda wake

Nafundisha kemia kidato cha tatu, na huu mwaka wa pili nashuka basi la mwendokasi Magomeni Mapipa, Dar es Salaam, alfajiri kwa ajili ya vitumbua vya bibi mmoja mwenye jiko la mkaa kwenye uchochoro, hatua chache kutoka kituoni. Hana bango. Kimoja shilingi 300, chai ya rangi yenye tangawizi bei hiyohiyo.

Kabla hujala, kivunje katikati. Utaona vitundu vidogo vidogo vimeenea kuanzia juu mpaka chini. Hiyo ni kazi ya hamira, kuvu wa seli moja aliye hai kabisa. Anaikata sukari kuwa glukosi na fruktosi, kisha kila molekuli ya glukosi inazaa mbili za ethanoli na mbili za kabonidioksidi. Ethanoli nyingi inapotea kikaangoni, maana huchemka kwenye nyuzi 78. Gesi ndiyo inayokiumua kitumbua.

Lakini mchele hauna gluteni, ile protini ya ngano inayonata na kuvutika, kwa hiyo hakuna utando wa kuishika gesi hiyo. Jambo hili lilinisumbua mpaka nikamuuliza.

"Shikamoo bibi. Mbona vyako havisinyai vikipoa?"

"Marahaba mwanangu. Mchele nikishausaga, kidogo napikia uji. Ukipoa nauchanganya na uliobaki, ndipo natia hamira, nalala. Bila uji, pumzi yote inatoka."

Pumzi! Sijapata neno zuri kuliko hilo darasani. Chembe za wanga zikipata moto wa karibu nyuzi 70 hunywa maji, huvimba, na mchanganyiko unakuwa mzito kiasi cha kuzuia mapovu yasipande na kupasuka. Bibi huyu hajawahi kushika kipimajoto, na anajua.

Ganda la chini lina rangi ya asali iliyokolea. Hapo protini za tui na za mchele zimekutana na sukari kwenye moto wa nyuzi 140 na zaidi, mmenyuko alioueleza Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912. Iliki ipo, haizidi.

Nalinganisha na vya mtaani kwangu, ambako muuzaji ana haraka na badala ya hamira anatia magadi ya kuokea. Bila asidi ya kuyapoza, magadi hayo yakipata moto yanaacha alikali, na mdomoni unabaki na ladha ya sabuni. Nimeacha kununua pale.

Kasoro ya bibi ni moja. Februari, joto la usiku linapokataa kushuka, bakteria nao hufanya kazi na kuacha asidi, hivyo vitumbua vinakuwa na uchachu. Mara mbili nilishindwa kumaliza. Nilimwambia kwa heshima, nikamshauri ndoo aiweke ndani ya beseni la maji ya baridi na hamira aipunguze. Alinisikiliza, na wiki iliyofuata uchachu haukuwepo. Kipupwe cha Julai mambo hugeuka: hamira inazubaa, naye anachelewa kuanza kukaanga.

Fika kabla ya saa moja, nenda na kontena lako, na omba vya chuma kilichokwisha kukaanga mikupuo miwili mitatu. Vya mkupuo wa kwanza hushika chini.