Kabati la Kiingereza la rozwudi lenye njumu: uzoefu wangu wa kulinunua

Kabati lenyewe ni la miaka ya 1890 hivi, mwishoni mwa enzi za Malkia Victoria. Juu lina kioo cha kujitazamia, katikati rafu za wazi na droo mbili ndogo, chini milango miwili ya vioo. Nimelinunua kwenye duka la samani za kale hapa Uingereza kwa pauni 640 pamoja na kuletewa nyumbani. Kwa kazi iliyomo, hiyo ni bei ya chini. Samani za mbao za giza zimeporomoka bei huku, kwa sababu vijana wanataka vitu vyepesi vya rangi nyeupe. Sina ugomvi nao, wacha waendelee.

Rozwudi ni jamaa wa mpingo wetu, yote ni miti ya Dalbergia. Nje kabati limepauka likawa kahawia, kama ilivyo kawaida ya rozwudi iliyokaa karibu na dirisha, lakini pale ambapo jua halikufika bado kuna michirizi myeusi yenye wekundu wa zambarau. Usidhani ni mbao nzima, ni vinia, yaani ubao mwembamba sana, iliyobandikwa juu ya mbao ya bei nafuu. Mafundi wa London walifanya hivyo kwa makusudi, na si udanganyifu. Njumu, yaani mapambo yaliyopachikwa kwenye mbao, ni mitungi, majani yaliyojisokota na mistari myembamba ya mbao ya manjano, halafu vipande vyeupe. Aliyewahi kukaribia kiti cha enzi cha Lamu anajua weupe juu ya weusi unavyopendeza.

Vipande hivyo vyeupe ndivyo vilivyochelewesha biashara. Tangazo lilisema ni mfupa. Nilikwenda na lenzi ya kukuzia, maana mfupa haujifichi: una vitundu vidogo vyeusi, vingine kama vijistari vifupi, palipopita mishipa ya damu. Hapa hapakuwa na hata kimoja. Haukuwa mfupa, nikaona ni pembe ya ndovu.

Nchini Uingereza hilo si jambo dogo. Sheria ya Pembe za Ndovu ya 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, imepiga marufuku biashara ya pembe isipokuwa kwa vitu vichache. Samani kama hii inaruhusiwa ikiwa ilitengenezwa kabla ya tarehe 3 Machi 1947, pembe iliyomo haifiki asilimia 10 ya ujazo wake, na haiwezi kung'olewa bila kuharibu kitu. Na lazima isajiliwe kabla ya kuuzwa. Muuzaji aliguna, akaiomba lenzi, akainama kwa muda mrefu. Kisha akalipa ada ya pauni 20, akasajili, akarekebisha tangazo na kunipa namba ya usajili bila kuniongezea bei. Kwa hilo namsifu. Tena hakulibandika kabati jina la Edwards & Roberts, watengenezaji mashuhuri wa samani wa London, ili lipande bei, ingawa mtindo unafanana. Halina mhuri wa fundi, na alisema hivyo wazi.

Karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe kutoka bara, na nyingi zilisafirishwa hadi London. Kwa hiyo sioni haya kudai undugu na kabati hili.

Shemeji yangu wa Mombasa ameshauliza nitalileta lini nyumbani. Silileti! Mbali na pembe, jamii nzima ya Dalbergia iliwekwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2017, na rozwudi ya Brazili iko kwenye orodha kali zaidi tangu 1992. Bila vibali vinavyotakiwa, linaweza kuishia mikononi mwa forodha.

Hali yake ni nzuri. Kuna matundu machache ya bungua mgongoni, ya zamani, hayatoi unga. Vinia imeinuka kidogo kwenye kona moja ya chini. Nimelisogeza mbali na hita kwa sababu joto kavu hukausha gundi ya zamani. Nafuta vumbi kwa kitambaa laini kikavu tu, polishi ya kupuliza sitaki kuiona karibu.

Waletaji walikuwa wawili, wapole, walifika kwa wakati. Nyota nne kati ya tano. Kufuli la mlango wa kushoto linakwama, na muuzaji ameahidi kunitafutia ufunguo unaolingana.