Mota ipi ununue kwa kichwa cha treni ndogo kilichochoka

Kichwa cha treni ya modeli kikianza kunguruma bila kwenda, au kikaruka kama chura ukikifungulia umeme kidogo, wengi hukimbilia kuagiza mota. Subiri kwanza. Toa mota pamoja na gia yake ya skrubu, kisha sukuma chesisi kwa kidole juu ya reli. Magurudumu yakikwama mahali palepale kila mzunguko, ugonjwa uko kwenye gia: jino limejaa uchafu, au gia ya plastiki imepasuka kwenye ekseli. Mota mpya haiponyi hilo. Yakizunguka kwa ulaini, fungua mota yenyewe uangalie kama kaboni zimeisha na kama shaba zinaposugua imekuwa nyeusi. Isafishe kwa spiriti, badilisha kaboni, tia tone moja la mafuta kwenye kila bushi, ujaribu tena. Vichwa vingi nilivyoletewa vikiitwa vibovu viliishia hapo. Ila ukisikia harufu ya vanishi iliyoungua na kuona koili zimegeuka rangi ya kahawa, basi nunua.

Shika kalipa, kifaa cha kupimia milimita, kabla ya kuangalia bidhaa yoyote. Pima urefu, upana na kimo cha nafasi iliyopo, kisha kipenyo cha shafti. Shafti za milimita 1.5 na 2 ndizo utakazokutana nazo sana, na nusu milimita hiyo inatosha kuifanya gia icheze au ipasuke. Angalia pia kama mota yako ya zamani inatoa shafti upande mmoja au pande zote mbili.

Mimi napanga chaguo kwa kigezo kimoja kabla ya vingine: kichwa kitambae taratibu kiasi cha kuweza kuhesabu mataruma, bila kusita. Mbio si shida. Karibu kila mota inakimbia.

Nafasi ya kwanza naipa mota ya kopo ya volti 12, ile iliyofungwa ndani ya ganda la chuma lenye ubavu bapa, amacha yake, yaani chuma cha ndani kinachozunguka na koili zake, ikiwa na ncha 5. Amacha ya ncha 3 husita mara chache zaidi lakini kwa nguvu zaidi katika kila mzunguko, na kwenye umeme mdogo kusita huko ndiko unakokuona kama mruko. Ncha 5 hugawa mvuto vipandevipande, na mifereji ya amacha ikiwa imekatwa kwa mshazari, mzunguko unakuwa laini zaidi. Kampuni ya Mashima ya Japani ndiyo iliyozoesha watu namba kama 1420, yaani upana milimita 14 na urefu 20. Mashima wameacha kutengeneza, lakini wauzaji wengi bado wanataja vipimo kwa mtindo huo, kwa hiyo ukijua nafasi yako unajua namba yako. Chukua kubwa kuliko zote zinazoingia, maana mota kubwa hupoa vizuri na haihitaji kuzunguka kwa kasi ya ajabu.

Hilo la kasi lipigie hesabu. Chukua kichwa cha HO, kipimo cha 1:87, chenye magurudumu ya milimita 12 na gia ya 15 kwa 1. Mota ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, gurudumu linazunguka mara 800, na kichwa kinakwenda mita 30 hivi kwa dakika. Zidisha kwa 87: ni kama kilomita 157 kwa saa kwenye treni halisi. Kwa kichwa cha abiria inakubalika; kwa kichwa cha kupangia mabehewa stesheni ni kichekesho. Muulize muuzaji mizunguko kwa dakika kwenye volti 12, na asipoijua, tafuta mwingine.

Ya pili ni seti iliyotengenezwa kwa ajili ya kichwa chako hasa, ikiwa na kishikilio na gia tayari. Gharama iko juu, lakini kama huna mashine ya kutoboa wala zana ya kung'olea gia, kwako wewe hii inapanda hadi ya kwanza.

Ya tatu ni mota ambayo koili yake haina chuma ndani, kama zile za Faulhaber wa Ujerumani. Haina kusita kabisa, na inakula umeme kidogo mno. Mbona basi nimeishusha? Kwa sababu koili yake nyepesi huchemka haraka kichwa kikikwama, na kidhibiti cha zamani kinachotuma umeme kwa mapigo ya polepole huitesa. Kama una dikoda (kibao kidogo cha elektroniki ndani ya kichwa kinachopokea amri za kidijitali na kuendesha mota) ya kisasa yenye mapigo ya kasi, ya kilohezi 16 kwenda juu, na chesisi isiyo na msuguano, hutajuta.

Mota asilia iliyotumika naiweka ya nne. Inaingia bila kukata kitu, lakini sumaku zake huenda zimechoka kama zako. Kuna njia ya kati: acha mota yako, badilisha sumaku peke yake kwa sumaku za neodimia. Mota nyingi za zamani zenye fremu wazi hupata nguvu upya kwa njia hiyo.

Ya mwisho ni mota za kutoa kwenye mashine za CD na DVD. Ni rahisi, na zipo zinazofanya kazi, lakini nyingi zimeundwa kwa volti 5 au 6.

Ukiwa na dikoda, shika shafti kwa sekunde moja kwenye volti 12 usome ampia. Dikoda nyingi za HO hubeba takriban ampia 1. Mota inayovuta zaidi ya uwezo wa dikoda yako iliposhikwa inaweza kuiunguza. Na nguzo zote mbili za mota zisiguse chesisi hata chembe. Mimi huweka mkanda wa kuhami chini ya mota, kisha naishika kwa silikoni, inayopunguza mtikisiko na kuchanika vizuri siku ya matengenezo.

Ukipata inayokaa sawasawa, agiza mbili. Namba niliyoipenda kuliko zote sasa haipatikani.